Mungu Aliyeambiwa Angoje

Ahsante, mwenyekiti. Ndugu zangu, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikiisema habari hii ya kazi na ibada, wengine zaidi ya mara moja. Naisema tena kwa sababu bado haijatuingia. Wiki iliyopita kijana mmoja, mtu mwema, mwenye imani ya kweli, alinieleza kwa furaha kwamba amekesha siku tatu mfululizo kwenye nyimbo za kumsifu Krishna, Mungu wetu sisi Wahindu. Nikamuuliza, mama yako je, si anaumwa? Akasema, "Yuko na dada wa kazi." Nikamuuliza huyo dada naye alipata kulala saa ngapi. Hakujua.

Basi naanzia hapo. Bhakti, yaani kumpenda na kumwabudu Mungu, na karma yoga, yaani njia ya kumfikia kwa kazi, hayo sitayarudia, mmeyasoma. Nataka twende Pandharpur.

Pandharpur ni mji wa mahujaji katika wilaya ya Solapur, jimbo la Maharashtra huko India, kando ya mto Bhima. Pale mjini mto unajipinda kama mwezi mwandamo, ndiyo maana wenyeji huuita Chandrabhaga. Hekaluni amesimama Vithoba, ambaye pia huitwa Vitthal, na kwa waumini wake ni Krishna mwenyewe. Mtazameni vizuri. Hajashika upinde, wala hakuketi kwenye kiti cha enzi. Amesimama wima, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri. Na chini ya nyayo zake pana tofali.

Lilifikaje hapo? Palikuwa na mtu akiitwa Pundalik. Alikuwa mtoto asiyefaa kabisa. Husimuliwa kwamba walipokuwa wakienda hija Kashi, mji mtakatifu kando ya mto Ganga, yeye na mkewe walipanda farasi, na wazazi wake wazee wakawafuata kwa miguu kwenye mvua. Njiani wakalala kwa mtawa mmoja, Kukkut. Pundalik akamuuliza njia ya Kashi. Mtawa akajibu kwamba haijui, hajawahi kufika huko. Pundalik akamdharau: mtawa gani huyu, hata Kashi hajafika!

Usiku akashtuka usingizini. Wanawake wameingia, nguo zao chafu kupindukia. Wakafagia ua, wakateka maji, wakafua nguo za mtawa, na walipotoka walikuwa weupe pe. Akawakimbilia: ninyi ni nani? Wakamwambia: sisi ni mito, Ganga na Yamuna na wenzetu. Watu huja kuoga kwetu na kutuachia dhambi zao, nasi huja hapa kujitakasa, kwa mtu huyu aliyewahudumia wazazi wake. Na wewe unayetuuliza, mwenye dhambi kukushinda hatujamwona.

Hiyo ndiyo hija ya Pundalik. Akarudi nyumbani, akawa mtumishi wa baba na mama.

Siku moja Krishna mwenyewe akaja kumtazama. Akabisha hodi. Pundalik alikuwa amekaa chini, miguu ya wazazi mapajani, anaikanda. Sasa sisi watu wa huku tunajua hodi hujibiwa vipi. Hodi hujibiwa karibu. Mgeni akifika unaacha kazi, unakung'uta mkeka, unamkaribisha. Pundalik hakusema karibu. Alisema ngoja. Na kwa kuwa nje palikuwa na tope, akanyoosha mkono, akaokota tofali, akalitupa mlangoni ili mgeni asimame pakavu. Akaendelea kukanda.

Krishna akapanda juu ya tofali. Akaweka mikono kiunoni. Akangoja.

Kwa Kimarathi tofali ni vit, na wengi huamini kwamba jina Vitthal limetoka humo: aliyesimama juu ya tofali. Katika wimbo wa ibada wanaouimba kila siku wanasema amesimama hapo kwa yuga 28. Yuga moja peke yake ni zama ambazo akili haizifikii. Na mpaka leo hajaambiwa aketi.

Najua kuna mtu hapa ananuna. Nimekwisha kuulizwa swali hili katika ukumbi kama huu: huko si kumkosea Mungu adabu? Ndugu yangu, tazama alichofanya Mungu. Aliyekosewa adabu huondoka. Yeye alipanda kwenye tofali. Aliiona mikono ile iko wapi, akajua kwamba ibada aliyoijia imekwisha kuanza kabla hajabisha. Nanyi Waislamu mliokuja kutusikiliza, mnafundishana kwamba pepo iko chini ya nyayo za mama. Basi Pundalik alikuwa amezishika nyayo zenyewe, ulitaka aziache aende wapi?

Na sehemu inayorukwa kila mara ni hii. Pundalik alipomaliza alitoka, akaomba radhi, na Krishna akamwambia aombe atakacho. Hakuomba mali, hakuomba mtoto, hakuomba hata wazazi wake wapone uzee. Aliomba Mungu abaki pale pale, kila ajaye amkute. Mtu amefanya kazi ngumu miaka mingi, amepewa nafasi ya kudai, na anachokiomba ni kwa ajili ya wengine. Bhagavad Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 2, aya ya 47: haki yako ni kutenda, matunda ya kutenda usiyashike. Watu huihifadhi aya hiyo kichwani bila kujua uso wake ukoje. Uso wake ni Pundalik akiwa mlangoni.

Ngojeni kidogo, maana hapa nina ugomvi. Nimewasikia matajiri wakiisoma aya hiyo kwa wafanyakazi wao: fanyeni kazi, msitazame malipo. Hapana! Krishna anasema na Arjuna, shujaa anayemfundisha katika Gita, juu ya moyo wa Arjuna mwenyewe. Aya inamfunga anayetenda, haimfungui anayedaiwa. Ukimwajiri mtu, mlipe jioni hiyo hiyo, kisha ukatafute moyo wako uko wapi.

Nimekulia Dar es Salaam. Bibi yangu mzaa baba alilala kitandani miaka sita, na mama ndiye aliyekuwa mikono yake na miguu yake. Kila jioni mama alipasha mafuta ya nazi katika kijiko kikubwa cha chuma, juu ya jiko la mafuta ya taa. Alipima joto kwa mgongo wa kiganja. Kisha alianza na kisigino cha kushoto, kwa sababu ndicho kilichopasuka zaidi, akipitisha kidole gumba ufa kwa ufa, polepole, mpaka bibi aache kukunja uso. Akina mama waliokuwa wakitoka hekaluni mtaa wa Kisutu walipita kutusalimu. "Mama fulani, Ekadashi hatukukuona." Ekadashi ndiyo siku yetu ya kufunga na kusali. Mama alijibu, "Nitakuja," bila kuinua macho. Hakwenda mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Nikiwa mtu mzima nilimuuliza: ulikuwa ukitaja jina la Mungu ukimkanda bibi? Nilitaka aseme ndiyo, nipate mfano mzuri wa mihadhara yangu. Akasema: "Ningetaja jina ningesahau kisigino."

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu. Tumezoea kudhani kwamba kazi hugeuka ibada ukiongeza sala juu yake, kama unavyoongeza chumvi kwenye mboga. Gita haisemi hivyo. Sura ya 9, aya ya 27, inasema chochote utendacho, chochote ulacho, chochote utoacho, kitoe kwangu. Na kitu unachompa mpendwa wako hukifanyi ovyo huku ukiimba jina lake. Unakifanya vizuri.

Mtaniambia: mbona Janabai aliimba? Kweli. Janabai alikuwa mtumishi katika nyumba ya Namdev, mshonaji na mtunga nyimbo za Vithoba, kule kule Pandharpur, karne ya 13 kuingia ya 14. Nyimbo zaidi ya 300 hutajwa kuwa zake. Katika mmoja anasema, nikisaga na nikitwanga nitakuimba wewe, Usiye na Mwisho. Lakini sikilizeni nyimbo nyingine zinasema nini. Vithoba anakuja usiku anashika mpini wa jiwe la kusagia pamoja naye. Anamsaidia kufua. Anaokota naye samadi ya ng'ombe ya kukausha iwe kuni. Mtumishi wa watumishi hakutoka kwenye kazi kumfuata Mungu. Mungu ndiye aliyeingia kwenye kazi, na mikono yake ikachafuka. Aliyewahi kusaga nafaka kwa jiwe anajua, wimbo hauko mbali na kazi, ndio unaosukuma jiwe lizunguke.

Kuna wanaonitajia Gora, mfinyanzi wa Ter, ambaye alizama katika kumtaja Vitthal akikanyaga udongo, hata akamkanyaga mwanawe mchanga bila kujua. Wanakisimulia kisa hicho kana kwamba kusahau ndio utakatifu. Mimi nakataa. Kisa hakiishii kwenye udongo, kinaishia mtoto anaporudishwa hai kwa mama yake. Waliokihifadhi walijua kwamba bila hapo hakisimuliki.

Sasa swali zito, na mwenyekiti ananionyesha saa. Je, mafundisho haya hayakutumika kuwaambia watu wa tabaka la chini wabaki na kazi zao na wanyamaze? Yalitumika. Sura ya 18 ya Gita, ile ya kumwabudu Mungu kwa kazi yako mwenyewe, imesomwa hivyo miaka mingi sana, na anayekana hilo hasemi kweli. Chokhamela alikuwa Mmahar, tabaka lililoitwa lisilogusika. Alimpenda Vithoba kuliko makuhani waliomfungia mlango. Akafa ukuta ulipowaangukia vibarua huko Mangalvedha, na husemwa kwamba Namdev aliitambua mifupa yake kwa sababu ilikuwa bado inalitaja jina la Vitthal. Na watu wake waliendelea kuzuiwa mpaka 1947, Sane Guruji, mwalimu na mpigania uhuru, alipofunga kula, ndipo mlango ukafunguliwa. Karne sita! Aliyekuwa akiikanda miguu ya wengine maisha yake yote ndiye aliyeambiwa angoje nje, na waliomwambia hawakumtupia hata tofali. Hili lingehitaji mhadhara wake peke yake, nami naahidi kurudi kuutoa.

Tukaram, muuza duka wa Dehu na mtunga nyimbo mwingine wa Vithoba, na njaa ya 1630 iliyomfilisi, namwacha. Safari ya mahujaji kutoka Alandi kwenda Pandharpur, wakulima waliokwisha kupanda mbegu wakatembea wiki tatu, nayo naiacha. Niseme tu njia inavyokwenda ukifika. Unaoga mtoni. Kisha hupandi kwa Vithoba moja kwa moja, unaanza na Pundalik, kijihekalu chake kiko pale pale kwenye mchanga wa mto. Ukifika lango la hekalu, kwenye ngazi ya kwanza unainama kwa Namdev mshonaji, aliyetaka kuwekwa hapo ili nyayo za waumini zimpitie. Karibu naye yuko Chokhamela. Mtoto aliyewakanda wazazi, fundi cherehani, kibarua wa ukuta. Ndipo unaingia na kuweka paji la uso kwenye miguu iliyo juu ya tofali.

Mama hajafika Pandharpur, na sasa magoti hayamruhusu. Maswali nitayapokea, lakini saa kumi na mbili niwe nimeshatoka. Jioni hii zamu ya kumkanda ni yangu, na yeye hulala mapema.