Aliyewahi kuugua saratani ya kibofu, sasa anaondolewa figo

Wauguzi na matabibu wenzangu, leo nataka tumzungumzie mgonjwa ambaye faili lake huja nene. Aliwahi kutibiwa saratani ya kibofu cha mkojo, na sasa uvimbe umeonekana ndani ya figo, au kwenye mrija unaoteremsha mkojo hadi kibofuni. Ataondolewa figo, mrija wote na sehemu ndogo ya kibofu pale mrija unapoingilia. Naye atauliza: "Ule ugonjwa wa zamani utanipunguzia maisha?"

Utando wa ndani ya figo, mirija na kibofu ni wa aina moja. Sumu za sigara hupita na mkojo zikiugusa wote, juu hadi chini. Tena seli za uvimbe wa juu huweza kung'oka, zikashuka na kuota kibofuni.

Kwa hiyo kuhusu ugonjwa kurudi kibofuni, historia ile ni onyo zito. Katika kila wagonjwa 100 wa upasuaji huu, 22 hadi 47 hupata uvimbe kibofuni baadaye, na aliyewahi kuugua kibofu yumo hatarini zaidi. Kuhusu kifo, jibu ni jingine. Tafiti zimetofautiana: baadhi zinaona historia hiyo inapunguza uhai, nyingine zinaona tofauti inayeyuka ukishapima uvimbe wa juu umezama kiasi gani na seli zake ni kali kiasi gani. Mambo hayo mawili, na kama uvimbe umefika kwenye tezi za limfu, ndiyo yenye uzito zaidi. Ila saratani ya kibofu iliyokuwa imeingia kwenye misuli huashiria hali mbaya zaidi. Ndiyo maana nawasihi: itafuteni ripoti ya zamani ya maabara. Kuandika tu "aliwahi kuugua kibofu" hakumsaidii mtu.

Kuna jambo linaloniuma. Mwaka 2011 jaribio la Uingereza liitwalo ODMIT-C lilionyesha kwamba dozi moja ya mitomaisini, dawa ya kuua seli za saratani, ikiwekwa kibofuni kabla tu ya kutoa mpira wa mkojo, hupunguza uvimbe kurudi humo katika mwaka wa kwanza. Lakini waliowahi kuwa na saratani ya kibofu hawakuingizwa. Yule mwenye hatari kubwa kuliko wote ndiye tunayemtibu kwa ushahidi wa wengine! Msimwahidi kwamba dozi ile itamfaa sawasawa na wale.

Huku kwetu pwani, damu kwenye mkojo hudhaniwa upesi kuwa kichocho, na mara nyingi ni kichocho kweli. Kwa mgonjwa huyu msikubali dhana hiyo bila uchunguzi. Kipimo cha kamera kibofuni afanyiwe miezi 3 baada ya upasuaji, kisha kiendelee kwa miaka. Mwandikieni tarehe kwenye kadi kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na aliyekuja kumchukua aelezwe pia.