Chombo Kilichoumbwa Kisirudi: Zepelini L 59 na Safari ya Makonde

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie vyombo vikubwa vya anga vilivyobeba mizigo ya jeshi la Ujerumani vitani. Najua wengi mnasubiri nianze na Gigant, yale madege ya injini sita ya Vita vya Pili. Leo nitayaacha. Nataka tuzungumze chombo kimoja tu, kwa sababu kilikuwa kinakuja huku kwetu kusini, kwenye uwanda wa Makonde, mwezi Novemba mwaka 1917.

Jina lake L 59, na aina yake ni zepelini, meli ya anga. Urefu mita 226 na nusu. Chukueni viwanja viwili vya mpira, mvipange kimoja mbele ya kingine: bado pua yake itatokeza nje ya goli. Kipenyo chake karibu mita 24. Tumboni mita za ujazo 68,500 za hidrojeni, gesi nyepesi iliyoiinua, na injini tano za Maybach, kila moja ya nguvu za farasi 240. Ilikuwa bado inajengwa Staaken, karibu na Berlin, ndipo ikaamuliwa irefushwe kwa mita 30 ili ibebe gesi zaidi na mzigo zaidi.

Kwa nini? Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani hapa Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza, alikuwa amesukumwa hadi kona hii. Bandari zote zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na reli ya kati vilevile. Meli ya mwisho kumfikia ilikuwa Marie, iliyopenya hadi Sudi mwaka 1916. Baada ya hapo bahari ikafungwa. Daktari mmoja, Max Zupitza, aliyewahi kufanya kazi ya uganga katika makoloni, ndiye aliyetoa wazo: kama bahari imefungwa, tupite juu.

Hapa ndipo ubunifu wa chombo hiki unaponigusa, na naomba mnivumilie nikae hapa kidogo. Kuja, meli ingeweza. Kurudi, haikuwezekana, maana hakuna mahali katika nchi hii palipokuwa na hidrojeni ya kuijaza upya. Mafundi wakakubali hivyo tangu mwanzo. Wakajiuliza swali ambalo mjenzi wa chombo hajiulizi kwa kawaida: ikishatua, mzoga wake utatufaa nini?

Shikeni kitambaa hiki, mpitishiane. Ni pamba ya kawaida, lakini ya namna hiyo ndiyo iliyofunika meli nzima. Ikishatua, ingevuliwa ikashonwa mahema na nguo za askari. Bitana ya mifuko ya gesi ingekuwa bendeji. Njia ya kupitia mabaharia ndani ya meli iliwekwa ngozi, ili ikatwe viatu. Fremu ya duralumini, ile aluminiamu ngumu, ingesimama kuwa nguzo za redio na mabanda. Injini zingezalisha umeme. Ni kama ng'ombe wa karamu: nyama inaliwa, ngozi inawambwa ngoma, pembe inapulizwa. Na ng'ombe mwenyewe alikuwemo humo hasa, kwa sababu mifuko ya gesi ya meli hizo ilizibwa kwa utando wa matumbo ya ng'ombe, hidrojeni isivuje.

Juu ya hayo yote kulikuwa na shehena, takriban tani 15: risasi zaidi ya 300,000, bunduki za rashasha 30, dawa na barua. Kwa hesabu ya ardhini, mpagazi mmoja alitwikwa kilo 25 hadi 30. Tani 15 ni vichwa 500 na zaidi. Wale watu hawakuwa na meli ya kuwaletea chochote. Walikamatwa vijijini na pande zote mbili, wakafa kwa njaa na kuhara njiani, na majina yao mengi hayakuandikwa popote. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Siwezi kuisimulia L 59 bila kuwataja.

Nahodha Ludwig Bockholt aliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba. Walipita juu ya Uturuki, wakapambana na radi karibu na Krete, asubuhi yake wakaingia Afrika kupitia pwani ya Misri. Kisha jangwa.

Mnaliona puto hili? Nililiacha dirishani juani tangu tulipoanza. Limekaza. Sasa nalitia kwenye ndoo ya maji baridi... tazameni linavyonywea. Ndivyo ilivyokuwa. Mchana gesi ilitanuka, ikabidi itoke kwenye vali. Usiku baridi ikaikunja, na nguvu ya kuinua ikapungua. Usiku huo meli ilishuka ghafla, wakatupa farumi, ule uzito wa kusawazisha meli, na hata masanduku ya risasi ili isigonge ardhi. Sanduku la gia la injini ya mbele nalo lilikuwa limepasuka, na injini hiyo ndiyo iliyoendesha redio ya kutuma ujumbe. Wakabaki na masikio bila mdomo.

Kwa masikio hayo, baada ya saa sita usiku kuamkia tarehe 23, wakanasa amri kutoka Ujerumani: rudini, adui ameshika sehemu kubwa ya uwanda wa Makonde, yuko Kitangari. Kitangari hii hii mnayoijua, ya Newala. Walikuwa magharibi ya Khartoum. Wakageuza.

Tarehe 25 asubuhi walitua Jamboli: kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kutua, na petroli iliyobaki ingetosha saa 64 zaidi. Chombo kilichoumbwa kisirudi kikarudi. Miezi michache baadaye, tarehe 7 Aprili 1918, kililipuka juu ya mlango wa bahari wa Otranto, na Bockholt na mabaharia wake wote wakafa.

Lakini turudi kwenye ile tarehe 25 Novemba. Siku ileile L 59 ilipotua Bulgaria, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaivamia kambi ya Wareno ya Ngomano. Humo alipata bunduki, risasi kwa malaki na dawa, yaleyale aliyokuwa akiletewa kwa hewa. Mizigo ikafungwa, ikapandishwa vichwani mwa wapagazi, msafara ukashika njia ya kusini.