Sumukuvu: Kabla ya Maabara Kuna Bambo

Mhadhara kwa wafanyabiashara wa mahindi, wenye mashine za kusaga na wafugaji, Dodoma

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, vijana wa mashineni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie mashine za kupima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Nitafika huko, ila mtanivumilia, maana muda mwingi nitautumia kwenye gunia. Yale mnayolalamikia, kwamba mzigo umepita leo na kesho mzigo uleule umekataliwa, mara nyingi hayaanzii maabara. Yanaanza pale kijana anapochomeka bambo, kile kichoteo chenye ncha, kwenye gunia moja la mlangoni, anajaza kimfuko, anasema tayari.

Kwa nini tunapima, hapa Dodoma sina haja ya kueleza sana. Mwaka 2016 watu wa mkoa huu na wa Manyara waliugua ini kwa kula mahindi, takriban 20 wakafariki. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliougua walihesabiwa 317, waliofariki 125. Hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi anajiongezea hatari ya saratani ya ini, na siku akiugua hakuna atakayekumbuka gunia lilitoka wapi. Na ugali kuiva si dawa: aflatoksini, ndiyo sumukuvu ninayoisema hapa, huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 ndipo ivunjike, wakati maji ya sufuria yanachemkia 100.

Sasa shikeni kalamu. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) za aflatoksini za aina zote kwa kilo, na ile aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Hiyo 10 ndiyo Kenya waliyoitaka kwenye cheti Machi 2021, walipozuia mahindi yetu na ya Uganda kisha wakayafungulia kwa masharti. Lori la tani 30 lililo kwenye kiwango hicho limebeba gramu 0.3 ya sumu. Ni uzito wa punje moja ya mahindi, lori zima.

Na sumu hiyo haikujigawa sawasawa. Kuvu hushika hapa na pale: gunzi lililotobolewa na mdudu, gunia lililonyeshewa kona moja. Punje iliyoharibika vibaya imewahi kukutwa na zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje kama hiyo, ya gramu 0.3, ina mikrogramu 120. Itie katika kilo 5 za mahindi safi kabisa, punje 16,000 na ushee, usage zote kwa pamoja: utapata 24 kwa kilo. Umefeli kwa punje moja! Lakini ukichota gramu 200 tu kutoka kwenye zile kilo 5 kabla ya kusaga, mara 24 katika 25 hutaikuta punje hiyo, na maabara itakuandikia kwamba mahindi ni safi. Hapo hakuna aliyedanganya wala aliyehongwa.

Ndiyo maana Ulaya, kwa shehena kubwa ya nafaka, huchota mara 100 hadi kupata kilo 10. Bambo liingie magunia ya juu, ya kati, ya chini, na yale ya ndani ambayo hakuna anayependa kuyapangua. Mahindi yakiwa yanamiminwa ni rahisi zaidi: chota kila baada ya muda mfupi mpaka mzigo uishe. Kisha saga sampuli yote iwe unga laini, changanya vizuri, ndipo upunguze kupata kiasi cha kupima. Na kama mahindi hayajakauka vizuri, usiyafunge kwenye mfuko wa nailoni. Yatavunda njiani kwenda maabara, utapima kuvu iliyoota kwenye basi.

Baada ya hapo ndipo vifaa vinakuja. Unga unatikiswa kwenye methanoli na maji, unachujwa, na yale maji ndiyo yanayopimwa. Kile kijiti cha haraka kina mstari wa uhakiki na mstari wa kipimo. Wengi wanausoma kinyume. Mstari wa kipimo ukikolea ni heri. Ukififia, sumu ni nyingi. Elisa, kipimo cha maabara kinachosomwa kwa rangi, nayo ina tabia hiyohiyo, rangi hupungua sumu inapozidi, ila inapima sampuli nyingi kwa wakati mmoja na kutoa namba. Kukiwa na ubishi wa mpakani, tunakwenda kwenye kromatografia, inayotenganisha B1, B2, G1 na G2 na kuzisoma moja moja. Ni ghali na ya polepole. Ila kijiti cha aflatoksini hakioni fumonisini, ambayo ni sumu ya kuvu nyingine inayopenda mahindi hayahaya. Na kijiti kilichotengenezewa mahindi usikiamini kwenye mashudu mpaka kithibitishwe kwa mashudu.

Ile taa ya zambarau ya kumulikia mahindi, ya miale ya UV, inayouzwa mtandaoni? Mng'ao wa kijani-manjano unaouona unatokana na asidi nyingine ya kuvu, si aflatoksini yenyewe. Itumie kuchambulia ukitaka. Usiitumie kuandikia cheti.

Wenye mifugo, sasa zamu yenu. Sumu hii ilijulikana kupitia chakula cha mifugo: Uingereza, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga. Mahindi yakikobolewa, sumu nyingi hubaki kwenye pumba na kiini. Sembe inatoka afadhali, na kile tulichokitoa tunampa ng'ombe. Mbegu zikikamuliwa, sumu nyingi hubaki kwenye mashudu. Kwa hiyo anayetengeneza chakula cha mifugo angetakiwa kupima zaidi kuliko msagishaji wa unga, na kwa ninavyoona mimi ndiye anayepima kidogo kuliko wote.

Ng'ombe akila B1, ndani ya siku moja maziwa yana M1, yaani B1 iliyogeuzwa na mwili wa ng'ombe, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2 ya alichokula, anayekamuliwa sana hufika hata 6. Kuchemsha hakusaidii. Maziwa yakikataliwa usimlaumu ng'ombe. Badilisha pumba, na baada ya siku chache M1 itakuwa imeshuka.

Mzee pale nyuma ameuliza kama anaweza kuchanganya mzigo uliofeli na mzuri ili upite. Hapana, mzee wangu. Ile punje mbaya bado imo, umeihamishia kwenye gunia jingine tu, na Ulaya kuchanganya hivyo ni marufuku. Pepeta, toa zilizovunjika, zilizobadilika rangi na nyepesi, uzitupe mbali hata na kuku. Kisha chota sampuli upya, mzigo mzima.