Kipimo cha Umeme Kikiwa Safi, Moyo Bado Haujasafishwa

Wauguzi, matabibu na wanafunzi, asanteni kwa kuja. Kuna maneno yananisikitisha kila ninapoyakuta kwenye faili la mgonjwa wa shinikizo la damu aliyepimwa ECG, yaani umeme wa moyo: "ECG kawaida, moyo mzima." Nusu ya kwanza yaweza kuwa kweli. Nusu ya pili haitokani nayo.

Shinikizo likikaa juu, ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi kila pigo, na msuli wake hunenepa kama mkono wa mbeba mizigo. Ila msuli huu ukinenepa huwa mgumu. Haulegei vizuri kupokea damu, na mishipa midogo inayoulisha huelemewa. Damu husongamana nyuma, atriamu ya kushoto, chumba kilicho juu yake, hutanuka, na mwishowe mapafu nayo hulemewa. Haya yote yanaweza kuendelea miaka mingi mgonjwa asihisi chochote.

Au anahisi, lakini amejizoesha. Ukimuuliza kama anakosa pumzi atakwambia hapana, kwa sababu ameshaacha kupanda ngazi. Kwa hiyo msiulize hivyo. Muulizeni ni kazi gani aliyokuwa akiifanya mwaka jana na leo ameiacha. Muulizeni analala na mito mingapi, na kama huamka usiku akitafuta hewa. Kisha shikeni mkono, mhesabu mapigo kwa dakika nzima. Mapigo yasiyo na mpangilio wowote yanaweza kuwa mpapatiko wa atriamu, ambao shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vyake vikuu, na ambao huleta kiharusi. Vidole vyenu vinaweza kuushuku kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Sasa ECG. Mwaka 1949 Sokolow na Lyon walitupa kanuni tunayoitumia hadi leo: kwenye karatasi ya ECG, jumlisha kina cha wimbi S (mchoro unaoshuka) katika V1 na urefu wa wimbi R (mchoro unaopanda) katika V5 au V6, lolote lililo refu zaidi; V1, V5 na V6 ni sehemu za kifua zinapobandikwa waya. Ikifika milimita 35, shuku kwamba ukuta umenenepa. Kwa mtu wa makamo mwenye shinikizo la juu, jibu la "ndiyo" lina uzito. Jibu la "hapana" lina uzito mdogo sana, kwani kanuni hii huwakosa wagonjwa wengi. Kwa mgonjwa mnene, mafuta ya kifuani hupunguza umeme unaofika kwenye ngozi. Kijana mwembamba naye anaweza kuvuka 35 na moyo wake hauna kasoro. Pamoja na hayo, sisemi ECG iachwe hata kidogo! Kila mgonjwa wa shinikizo apimwe, kwani huonyesha pia makovu ya shambulio la zamani na hitilafu za mapigo.

Palipo na dalili, au ECG ikitia shaka, ombeni eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Hapo ndipo ukuta hupimwa wenyewe: uzito wa ventrikali ukizidi gramu 115 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa mwanamume, au 95 kwa mwanamke, umepita kiasi. Na tafadhali, msisome mstari mmoja tu wa majibu. Wengi huona moyo unasukuma nje asilimia 60 ya damu yake, wakafunga faili. Moyo unaweza kusukuma vizuri na bado ukashindwa kujaa, na huko ni kushindwa kwa moyo kamili. Tazameni unene wa kuta, ukubwa wa atriamu ya kushoto, na namna ventrikali inavyolegea. Andikeni pia kwenye fomu ya maombi shinikizo la mgonjwa na dalili zake, ili mpimaji ajue anatafuta nini.

Kipimo cha damu cha NT-proBNP, kemikali ambayo moyo ulioelemewa huitoa kwa wingi, husaidia pale eko iko mbali. Kwa mgonjwa anayetoka nyumbani, kikiwa chini ya pikogramu 125 kwa mililita, kushindwa kwa moyo hakuelekei sana. Kumbukeni tu kwamba unene wa mwili hukishusha, na umri, figo mbovu na mpapatiko wa atriamu hukipandisha.

Nimekaa sana kwenye ugonjwa unaokuja kimya. Akija mwenye maumivu ya kifua ya ghafla yanayochana kuelekea mgongoni, fikirieni aota, mshipa mkuu utokao moyoni, iliyopasuka tabaka zake za ndani. Pimeni shinikizo mikono yote miwili, mtafutieni rufaa papo hapo, na msimpe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kabla picha ya CT haijaondoa shaka hiyo.