Nyota ya Seyyid Barghash

Assalamu alaikum, mabibi na mabwana. Jioni hii nazungumzia nishani moja tu: Kawkab ad-Durri, Nyota Ing'arayo ya Zanzibar, aliyoianzisha Seyyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar, mwaka 1875.

Waliosoma chuoni jina hili wameshalitambua. Limo katika Sura ya An-Nur, aya ya 35, pale nuru ya Mwenyezi Mungu inapopigiwa mfano wa taa iliyo ndani ya kioo, na kioo chenyewe ni kama nyota yenye kumeremeta. Utepe na madaraja vilikuwa vya mtindo wa Ulaya, lakini jina lilichaguliwa na watu wa msahafu. Hata hili neno letu nishani ni la Kiajemi, maana yake alama.

Sasa tuuangalie huo mwaka. Juni 1873 Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini na soko lao pale mjini. Hakuutia kwa hiari. Waingereza walikuwa wametishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Miaka miwili baadaye watu walewale wakamwalika London, Malkia Victoria akampokea, akatembezwa huku na huko kwa heshima zote. Mwaka huohuo nyota ikazaliwa. Kwetu tunasema mkono mtupu haulambwi. Mfalme anayekaa na wafalme wenzake lazima awe na chake cha kutoa. Akiwa mpokeaji tu, ameshakuwa mtu wa chini. Mimi naiona nyota ile kama dai la Barghash, kwamba kisiwa hiki ni dola, kina mwenyewe.

Dai lenyewe halikudumu. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Sultani Seyyid Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza sultani bila idhini ya Waingereza. Admirali Harry Rawson wa manowari za Uingereza akampa muda wa kutoka jumbani hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Mengine mnayajua: mizinga haikupiga hata saa moja nzima, watu kama 500 wakauawa au kujeruhiwa, ikazama na meli Glasgow, ambayo Barghash mwenyewe aliagiza iundwe Scotland. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Siku hiyohiyo akatawazwa Seyyid Hamoud bin Mohammed.

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo. Tarehe 24 Septemba, siku 28 baada ya mizinga, Arthur Raikes, Mwingereza aliyeongoza askari wa Zanzibar waliosimama upande wa Rawson, alipewa Nyota Ing'arayo, daraja la kwanza. Februari 1897 akapewa Rawson naye. Yaani nyota ya baba imevishwa aliyempiga mizinga mtoto, tena ndani ya majumba ya huyo baba! Msicheke, au chekeni, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hamoud akaongeza na nishani yake mwenyewe, Hamudiya, na Agosti 1897 ikavishwa Raikes yuleyule pamoja na Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, Mwingereza vilevile.

Mnajua tarehe hizi tumezipataje? Raia wa Uingereza hakuruhusiwa kuvaa nishani ya nchi nyingine mpaka apate kibali cha Malkia wake, na kibali kilichapishwa katika gazeti rasmi la London. Sultani anatoa kwa mkono wake, kisha mtu anakwenda kumwuliza Malkia: niivae? Hapo mwenye neno la mwisho ni nani, nawaachia wenyewe.

Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960, nitampitia haraka, ingawa alikuwa mzee aliyependwa na wengi. Kifua chake kilijaa nishani za Kiingereza, moja baada ya nyingine, kwa wafalme kadhaa wa London. Biashara ya kubadilishana ilikuwa imekwisha zamani. Zilizokuwa na uzito ni zile zilizokuja kwa meli.

Mjukuu wake, Jamshid, alirithi kiti Julai 1963, akapata uhuru tarehe 10 Desemba, na tarehe 12 Januari 1964 akaondoka na meli. Alikaa Uingereza zaidi ya nusu karne, akahamia Oman mwaka 2020, akafia Muscat Desemba 2024. Nyota za babu zake sasa hupita minadani Ulaya, watu wanazinunua kwa uzuri wake. Zanzibar ina Nishani ya Mapinduzi, anayoitoa Rais.

Naona mzee pale mbele ameshanyoosha mkono tangu nilipomtaja Khalid. Karibu, mzee wangu.