Shilingi ya Kwanza Iende kwenye Sindano

Mabibi na mabwana, swali mlilonipa jioni hii ni la pesa kuliko la muziki. Mtu ana kinanda cha santuri kinachozunguka, ana amplifaya, ana spika mbili, na amejibana hadi akapata fedha za kubadilisha kitu kimoja tu. Aanze wapi?

Wenzetu wa ng'ambo wamelibishania sana jambo hili. Huko Marekani, katika miaka ya 1950, Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research alitoa spika ndogo yenye besi nzito, na kwa miaka mingi ushauri wa kawaida ukawa kwamba pesa ziende kwenye spika, maana ndizo zinazoibadilisha sauti zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akatokea Ivor Tiefenbrun wa Glasgow na kinanda chake, Linn Sondek LP12, akaipindua hoja: kilichopotea pale santuri inaposomwa, hakuna spika itakayokirudisha.

Wote wana haki. Ukibadilisha spika, hata jirani atajua. Lakini hoja zote mbili zinachukulia kwamba santuri ikiharibika utakwenda dukani ukanunue nyingine. Sisi hatuna duka hilo. Santuri tulizo nazo wengi wetu ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizotengenezwa Nairobi miaka ya 1960 na 1970, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, huku sehemu ya kwanza, ukigeuza sehemu ya pili. Nyingi hazikutolewa tena.

Kwa hiyo mimi naanza na swali jingine: ni kifaa gani kinachoweza kuniharibia santuri? Spika mbovu inaniudhi leo. Kesho nikipata nyingine, wimbo uko palepale. Sindano iliyokwisha hainipi nafasi hiyo. Ncha yake ikishalika upande, inakuwa na kingo kali, na kila inapopita inachonga kuta za mfereji, ile njia nyembamba iliyochorwa kwenye santuri ambamo sindano hupita. Hapo ndipo shilingi ya kwanza iende.

Na sindano huisha, hata ya almasi. Audio-Technica, watengenezaji wa sindano, wenyewe wanakadiria saa 500 kwa ncha ya mviringo, saa 300 kwa ncha ya umbo la yai, na saa 1,000 kwa ile nyembamba waiitayo microlinear. Ukisikiliza saa moja kila siku, ya yai haimalizi mwaka. Sasa fikiria kinanda cha mtumba ulichonunua juzi: nani anajua sindano yake imekula saa ngapi? Ichukulie kuwa imekufa.

Habari njema ni kwamba si lazima ununue katriji nzima, yaani kile kijumba kinachoishika sindano. Katika familia ya katriji za Audio-Technica iitwayo VM95, mwili wa katriji ni ule ule. Unachomoa sindano kwa vidole na kuchomeka ya daraja la juu. Hapa naomba tukae kidogo. Santuri zetu zimechezwa miaka na miaka kwa sindano za mviringo, tena nzito. Sindano hizo zimekula njia moja katika ukuta wa mfereji, si ukuta wote. Ncha nyembamba hugusa pia mahali ambapo ile ya zamani haikufika, na mara nyingine santuri uliyoikatia tamaa inarudi kuimba. Mara nyingine, nasema. Iliyochunwa yote imechunwa. Kwenye santuri kubwa faida iko pia mwishoni mwa upande. Pembeni mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde, karibu na lebo ni kama 21 tu. Mawimbi ya sauti yamebanana, ncha nene haiingii, ndiyo maana wimbo wa mwisho hukwaruza kwenye kila "s".

Kabla ya kulipa, pima uzito wa mkono wa kinanda, yaani uzito unaoikandamiza sindano kwenye santuri. Mizani ndogo ya kidijitali inatosha. Kwa VM95 weka gramu 2. Wapo wanaoweka sarafu juu ya kichwa cha mkono huo ili sindano isiruke, iondoeni, tafadhali. Na wapo wanaopunguza uzito kwa huruma, wakidhani wanailinda santuri. Sindano nyepesi mno hupoteza mguso, ikadunda, na ikidunda inaumiza kuta.

Kuna hali mbili zinazovunja kanuni yangu. Kwanza, vile vinanda vya sanduku vyenye katriji ya kauri, ambavyo mkono wake hauna pa kurekebishia uzito. Hapo usinunue sindano, weka akiba ya kinanda kingine. Pili, vinanda vya zamani kutoka Marekani vyenye mota inayofuata mapigo ya umeme. Umeme wao ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, wetu 50. Transfoma itakupunguzia volti, mapigo haiyagusi, kwa hiyo mizunguko 33 na theluthi inashuka hadi karibu 28. Mwimbaji wa kike atakuja na sauti ya kaka yake. Hicho rekebisha kwanza.

Kama amplifaya yako haina tundu la fono, yaani la kuchomekea kinanda cha santuri, hilo si suala la kuboresha, ni pengo: katriji hutoa milivolti chache tu, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri, lazima irudishwe. Nunua kisanduku cha fono kinachofanya kazi hiyo. Kuhusu nyaya za bei ya ng'ombe, sina neno.

Mwenye santuri za mizunguko 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, asiziguse kwa sindano hizi. Mfereji wake ni mpana mno. Ncha ndogo hushuka hadi chini ikaburuza uchafu. Zinataka sindano yake, pana karibu mara nne.

Waliokuja na vinanda, viwekeni meza ile ya dirishani. Mizani ninayo. Maswali tutayajibu huku tukipima.