Jina halibandikwi kama stika

Nimeshalisema hili mara nyingi na nitalisema mpaka mnichoke: mtoto hashiki majina ya vitu kwa kurudiwarudiwa tu. Ingekuwa hivyo, hizo katuni za "mbuzi, mbuzi, mbuzi" mnazowawekea kwenye simu zingekuwa zimemaliza kazi zamani.

Helen Keller siwezi kumruka. Ugonjwa ulimwacha kipofu na kiziwi akiwa na miezi 19, anakaribia miaka 7 ndio mwalimu wake Anne Sullivan anafika kwao Alabama, Marekani, Machi 1887, anaanza kumwandikia herufi kiganjani kwa vidole. Mtoto anaiga vizuri tu, ila kikombe na maji anavichanganya, na mimi simlaumu, maji si yanakuja ndani ya kikombe, sasa atajuaje kinachotajwa ni kipi? Tarehe 5 Aprili wako kwenye pampu, mkono mmoja kashika kikombe maji ya baridi yanafurika yanammwagikia, mkono wa pili Sullivan anaandika maji, anaandika tena, mara kikombe kikamponyoka, akasimama kama kapigwa na butwaa. Jamani, maji alikuwa anayagusa tangu azaliwe! Angalieni alichofanya baada ya hapo: akaanza kuuliza, hii pampu inaitwaje, na wewe je, unaitwa nani? Yaani kashaelewa kwamba mwenzake anakusudia kitu. Mpaka jioni kapata kama maneno 30 mapya.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema huyo ni wa pekee, mtoto wa kawaida anaona. Sawa. Mtafiti Dare Baldwin, 1991, aliwapima watoto wa miezi 18 hivi: mtoto yuko bize na mdoli wake, mtu mzima anachungulia kwenye ndoo anataja jina geni. Kama ni kubandika tu, jina lingeangukia mdoli. Wapi! Mtoto anainua uso, anafuata macho ya mzungumzaji, na baadaye akiulizwa anachagua cha kwenye ndoo.

Mtaniambia mbona hata mbwa anashika majina. Mbwa Rico wa Ujerumani, ndio, alijua majina ya vitu 200, habari zake zilitoka 2004, lakini hata yeye alikuwa anatumwa na watu akalete, hakukalishwa mbele ya tivii.

Slaidi za ubongo naziacha, mwenyekiti ananionyesha saa. Ila moja: watafiti Tomasello na Farrar, 1986, walionyesha kwamba ukitaja kitu ambacho mtoto tayari anakitazama, jina analishika vizuri kuliko ukimvuta atazame chako. Kwa hiyo mfuateni yeye. Haya, maswali, na ya mbwa sipokei.